Mikondo Miwili ya Baridi Ikigongana, Hewa Inakwenda Wapi?

Unaujua upepo huu hata kama hukuwahi kuusoma darasani. Ni saa tisa alasiri, jua limewaka tangu asubuhi, na mbali kule kuna wingu jeusi ambalo halijakufikia. Ghafla hewa inapoa. Vumbi linatimka, mabati yanagonga, watu wanakimbilia kuanua nguo. Baada ya dakika kumi mvua inashuka. Au haishuki kabisa, unabaki na mchanga machoni.

Upepo ule umetengenezwa na lile wingu la mbali. Matone ya mvua yanapopita kwenye hewa kavu, sehemu yake hugeuka mvuke, na kazi hiyo inahitaji joto. Joto linachukuliwa kwenye hewa iliyo jirani, yaani jambo lilelile linalokufanya usikie baridi ukitoka kuoga. Hewa iliyopoa inakuwa nzito, inaporomoka, na ikifika ardhini haina pa kwenda isipokuwa pembeni. Inasambaa kila upande kama uji uliomwagika sakafuni.

Kitu hiki kinaitwa mkondo wa densiti. Maana yake ni rahisi: kimiminika au hewa nzito kidogo inatambaa chini ya iliyo nyepesi, na anayeisukuma ni mvutano wa dunia. Fungua friza ukiwa peku, usikie baridi inavyokumwagikia miguuni. Huo ni mkondo wa densiti. Upepo wa bahari unaoingia nchi kavu mchana ni mkondo wa densiti. Tope linaloporomoka chini ya bahari, theluji inayoserereka mlimani, majivu ya moto ya volkano, yote ni ukoo mmoja.

Leo nataka tufuatilie swali moja: mikondo miwili ya aina hii ikigongana, kinatokea nini? Kulijibu kulichukua miongo kadhaa, na njia yake ilipita Florida, Australia, Colorado na kwenye matangi ya maabara ya Cambridge. Na jibu lake linamgusa moja kwa moja mvuvi wa dagaa atakayeingia Ziwa Victoria jioni ya leo.

Tuanze na mkondo mmoja

Tupige hesabu ndogo, maana bila hiyo utadhani natia chumvi.

Chukua hewa ya nyuzi 30 za Selsiasi, na pembeni yake hewa iliyopozwa na mvua hadi nyuzi 24. Tofauti ya densiti kati yao ni kama asilimia 2. Ukiambiwa asilimia 2 unaona si kitu. Lakini mkondo unaotoka kwenye dhoruba unaweza kuwa na kina cha kilomita moja, na uzito huo mdogo ukijumlishwa kilomita nzima kwenda juu unasukuma kwelikweli. Kanuni ya kukadiria kasi ni hii: zidisha mchapuko wa mvutano wa dunia (9.8) kwa tofauti ya densiti (0.02) kwa kina (mita 1,000), kisha tafuta kipeuo cha pili. Unapata 14, yaani mita 14 kwa sekunde, karibu kilomita 50 kwa saa. Kwa Tanzania hiyo ndiyo kasi ya juu inayoruhusiwa kwa gari mjini. Asilimia 2 imefanya hivyo.

Kanuni ya aina hii iliwekwa mezani mwaka 1940 na Theodore von Kármán, mhandisi mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Marekani. Mwaka 1968 Mwingereza Brooke Benjamin aliipitia upya na kuonyesha kwamba hoja aliyotumia Kármán ilikuwa na kasoro, ingawa jibu lenyewe lilikuwa sahihi. Kama uliwahi kupata jibu sawa kwenye mtihani ukakatwa alama za njia, basi hauko peke yako.

Mkondo huu una umbo lake. Mbele una kichwa kilichovimba, kilichoinuka kuliko mwili unaofuata. Pua yake imenyanyuka kidogo, kwa sababu hewa ya chini kabisa inakwaruzwa na ardhi na kuchelewa. Nyuma ya kichwa kuna mizunguko inayochanganya baridi na joto. Hewa ya joto iliyoko mbele haiwezi kupenya humo, kwa hiyo inapanda juu ya kichwa kama gari linavyopanda tuta. Ikiwa na unyevu wa kutosha, huko juu inapoa, mvuke wake unageuka matone, na wingu linazaliwa.

Kwa mkondo mmoja, mara nyingi hadithi inaishia hapo. Hewa inapandishwa kidogo, inashuka upande wa pili, kawingu kanatokea na kupotea.

Sasa lete mkondo wa pili kutoka upande mwingine. Tuseme kila mmoja unakuja kwa mita 10 kwa sekunde, na katikati yao kuna kilomita 10 za hewa ya joto. Nafasi hiyo itafungwa kwa sekunde 500, kama dakika nane hivi. Ndani ya dakika hizo nane hewa yote iliyokuwa humo inatakiwa iwe imeondoka. Chini kuna ardhi. Kulia kuna ukuta wa baridi, kushoto vivyo hivyo. Umebaki mlango mmoja tu, nao ni wa juu.

Ukielewa picha hiyo, umeelewa nusu ya makala hii. Nusu nyingine ni jinsi watu walivyofika kuiona.

Florida: rasi inayobanwa pande mbili

Baada ya Vita Kuu ya Pili, ndege za abiria zilikuwa zinaongezeka na dhoruba za radi zilikuwa zinaziangusha. Serikali ya Marekani ikaanzisha Mradi wa Dhoruba za Radi, chini ya Horace Byers wa Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1946 walifanya kazi Florida, mwaka 1947 wakahamia Ohio. Walichukua ndege za kivita aina ya P-61 zilizobaki kutoka vitani na kuzipitisha ndani ya mawingu ya radi, zikiwa zimepangwa ngazi kwa ngazi, moja juu ya nyingine. Ndiyo, makusudi kabisa.

Mradi ule ndio uliotupa maelezo ambayo bado yapo kwenye vitabu: dhoruba ina utoto, ukubwa na uzee, na inazeeka pale hewa baridi inaposhuka na kusambaa chini, ikiikatia chakula chake cha hewa ya joto. Yaani ule mkondo wa densiti uliokupiga vumbi usoni ndio pia unaoiua dhoruba iliyouzaa.

Lakini kulikuwa na fumbo la pembeni. Mbona Florida inapata radi nyingi kuliko sehemu nyingine za Marekani? Joto lipo hata Texas. Unyevu upo pwani nzima ya Ghuba ya Meksiko. Mwaka 1948 Byers na mwenzake Rodebush walitoa maelezo. Florida ni rasi, ina bahari mashariki na bahari magharibi. Mchana nchi kavu inapopata joto, upepo wa bahari unaingia kutoka pande zote mbili. Hewa inabanwa katikati ya rasi, inalazimika kupanda, na alasiri radi zinaanza.

Hoja yao haikusema kwamba Florida ina joto zaidi ya wengine. Ilisema kwamba umbo la nchi linaiweka hewa mtegoni. Ishike hoja hii, tutarudi nayo nyumbani.

Picha kutoka angani

Kwa miaka karibu 30 iliyofuata, wazo la mikondo kubanana lilikuwa linakubalika, ila kulishuhudia ilikuwa kazi ngumu. Kituo cha hali ya hewa kinapima upepo mahali pamoja. Mkondo ukipita kati ya vituo viwili vilivyoachana kilomita 80, hakuna aliyeuona.

Mambo yakabadilika katikati ya miaka ya 1970, Marekani iliporusha setilaiti zinazokaa juu ya ikweta, mahali palepale zikitazama nusu ileile ya dunia. GOES-1 ilirushwa Oktoba 1975. Setilaiti za kizazi hicho ziliweza kuona vitu vya ukubwa wa kilomita moja mchana, na kupiga picha tena kila nusu saa. Ungeweza kuzipanga picha zikafuatana kama filamu ukaona mawingu yanatembea.

James Purdom alikaa akazitazama filamu hizo. Aliona kwamba dhoruba ikishakufa, huacha nyuma yake tao jembamba la vijiwingu vidogo, linalopanuka kama duara la wimbi ukitupa jiwe bwawani. Lile tao ni kichwa cha mkondo wa baridi. Mama ameshakufa, lakini pumzi yake bado inatembea, wakati mwingine kwa masaa, makumi ya kilomita kutoka pale mvua iliponyesha.

Na pale tao moja lilipokutana na lingine, dhoruba mpya ilichipuka papo hapo. Purdom aliyachapisha haya mwaka 1976. Kwa watabiri wa hali ya hewa huu ulikuwa ufunguo. Dhoruba ambazo zamani ziliandikwa kuwa zimezuka tu zilianza kupata ukoo: fulani kazaliwa saa kumi jioni, wazazi wake ni mikondo ya dhoruba mbili zilizokufa saa nane.

Tangi la maji ya chumvi

Setilaiti inaonyesha kwamba kitu kimetokea. Haionyeshi kimetokeaje ndani. Kwa hilo unahitaji kioo, maji na chumvi.

John Simpson, mtafiti wa Cambridge ambaye pia alikuwa rubani wa ndege zisizo na injini, ndiye aliyeleta mambo haya mawili pamoja. Rubani wa ndege kama hiyo anaishi kwa kutafuta hewa inayopanda, kwa hiyo anaujua mpaka wa upepo wa bahari kwa makalio yake. Mwaka 1969 Simpson alichapisha ulinganisho wa mikondo ya angani na ile ya kwenye tangi, na mwaka 1987 akatoa kitabu kizima kuhusu mikondo hii. Watafiti wengine wa Cambridge na kwingineko waliendeleza kazi ya migongano kwenye matangi. Moja ya tafiti za karibuni, ya Karin van der Wiel na wenzake mwaka 2017, ilifanywa makusudi kwa ajili ya kuelewa upepo wa bahari unapogongana.

Jaribio lenyewe unaweza kulichora kichwani. Tangi refu la kioo lina maji ya kawaida. Kila mwisho kuna mlango, na nyuma ya kila mlango kuna maji ya chumvi yaliyotiwa rangi, tuseme nyekundu huku na bluu kule. Inua milango yote kwa pamoja. Maji ya chumvi yanatambaa chini kutoka pande zote, yanakutana katikati. Kuna njia kuu mbili.

Ya kwanza, mikondo iko sawa kwa densiti na kina. Hapa kuna jambo zuri: kwa sababu kila upande ni kioo cha mwenzake, hakuna maji yanayovuka mstari wa katikati. Kila mkondo unafanya kana kwamba umegonga ukuta. Nyekundu na bluu zinaruka juu pamoja, juu sana kuliko vichwa vyao vya awali, kisha zinaanguka. Zikianguka, wimbi linarudi nyuma kila upande, likipanda juu ya mwili wa mkondo uliolileta. Kwa hiyo ukitaka kujua mikondo miwili iliyo sawa inafanya nini ikigongana, rusha mmoja tu ukutani, utapata jibu lilelile.

Ya pili, mmoja ni mzito kuliko mwenzake. Sasa hakuna tena kioo. Mzito unapenya chini, mwepesi unabebwa juu, na mpaka kati yao unalala. Hewa ya joto iliyokuwa katikati bado inarushwa juu, ila kwa mshazari, ikiegemea upande mmoja. Mkondo mwepesi kwa maana fulani umepandishwa mgongoni mwa mwenzake.

Tofauti hii inamhusu sana mtabiri. Mrusho ulionyooka kwenda juu una nafasi nzuri zaidi ya kuifikisha hewa pale inapoweza kuendelea kupanda kwa nguvu zake yenyewe. Mrusho uliolala unaweza kuishia kuwa wingu la bure.

Wingu linalofika Burketown alfajiri

Lile wimbi linalorudi nyuma baada ya mgongano linaweza kuonekana la maabara tu. Ukilitaka kwa ukubwa wake halisi, nenda Burketown, mji mdogo kaskazini mwa Queensland, Australia, kati ya Septemba na Oktoba.

Huko, alfajiri ya baadhi ya siku, linakuja wingu refu kama bomba lililolazwa kutoka upeo hadi upeo. Linaweza kufikia urefu wa mamia ya kilomita. Wakati mwingine yanakuja kadhaa kwa kufuatana, yakikimbia kwa kasi ya gari, huku yakizunguka kama pini ya kusukumia chapati. Wanaliita Morning Glory. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 marubani wa ndege zisizo na injini wamekuwa wakisafiri huko ili kuliendesha kama vijana wa ufukweni wanavyoendesha wimbi.

Reg Clarke, mtaalamu wa hali ya hewa wa Australia, aliliandikia mwaka 1972. Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba hewa baridi inaporomoka kutoka nyanda za juu usiku na kusababisha wimbi hilo. Wazo lilikuwa na mantiki. Lakini vipimo vya miaka iliyofuata vilielekeza kwingine, na mwaka 1984 Clarke mwenyewe alichapisha hesabu za kompyuta zilizoonyesha upepo wa bahari wa mashariki na wa magharibi wa rasi ya Cape York ukigongana jioni, na mgongano huo ukizaa wimbi linalosafiri usiku kucha juu ya tabaka la hewa baridi iliyotulia.

Tazama tena ramani: Cape York ni rasi, kama Florida. Lakini matokeo ni tofauti. Florida mgongano unakuja mchana, hewa imeiva, unazaa radi. Cape York mgongano unakuja jioni, na nguvu yake inaondoka kama wimbi. Mgongano ni uleule. Kinachoamua ni hali ya hewa inayoupokea.

Rada iliyoona wadudu

Kilichobaki kilikuwa kuhesabu. Je, dhoruba zinazozaliwa kwenye mipaka hii ni chache za kushangaza, au ndiyo kawaida?

Rada za hali ya hewa ziliundwa kuona mvua. Lakini rada nyeti za miaka ya 1980 huko Colorado zilianza kuonyesha mistari myembamba mahali pasipo na tone la mvua. Kilichokuwa kinarudisha mawimbi ni wadudu. Upepo unaokutana unawakusanya kwenye mstari, hewa inayopanda inataka kuwabeba, na wao, kwa kuikwepa baridi ya juu, wanajitahidi kubaki chini. Matokeo yake wanarundikana pale pale ambapo mikondo inakutana. Mdudu akawa kipima upepo.

Kwa msaada huo, James Wilson na Wendy Schreiber walifuatilia dhoruba za majira ya joto ya 1984 karibu na Denver. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1986, yalionyesha kwamba karibu asilimia 80 ya dhoruba zilianza jirani na mistari ya makutano ya upepo iliyoonekana kwenye rada. Nne katika kila tano!

Hapo ndipo swali lilipogeuka kuwa chombo cha kazi. Kama mstari unaonekana kabla ya dhoruba, na kasi yake unaijua, unaweza kuchukua rula ukasema: mistari hii miwili itakutana pale, saa fulani.

Turudi ziwani

Sasa lete ile hoja ya Florida, halafu igeuze ndani nje. Badala ya nchi kavu iliyozungukwa na maji, chukua maji yaliyozungukwa na nchi kavu.

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba kama 68,800. Mchana, ardhi inapata joto kuliko maji, upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu kila upande. Upande wa Kenya, upepo huo unapanda kuelekea nyanda za juu na kukutana na upepo wa mashariki. Hii ni moja ya sababu kwamba maeneo ya chai ya Kericho na Nandi yanajulikana duniani kwa mvua ya mawe. Zimewahi kuhesabiwa siku zaidi ya 100 za mvua ya mawe kwa mwaka katika eneo hilo. Miaka ya 1960 walifikia kurusha roketi za baruti mawinguni kujaribu kuokoa majani ya chai.

Usiku mambo yanageuka. Ardhi inapoa haraka, maji yanabaki na joto lake. Hewa baridi ya nchi kavu, ikisaidiwa na mteremko wa milima, inatambaa kuelekea ziwani kutoka Kenya, Uganda na Tanzania kwa wakati mmoja. Piga hesabu: upepo wa mita 3 kwa sekunde, ukianza saa tatu usiku, hadi saa kumi na mbili asubuhi umetembea kama kilomita 100. Ziwa lina upana wa kilomita 240 hivi. Ukiingia kutoka pande zote mbili, kufikia alfajiri umeubana karibu upana wote. Chini kuna maji ya vuguvugu yanayotoa mvuke usiku kucha. Hewa iliyobanwa ina unyevu tele, na mlango wake ni uleule mmoja wa juu.

Ndiyo maana radi za ziwa hili hushika kasi usiku wa manane kwenda alfajiri, wakati nchi kavu imetulia. Na kwa kuwa upepo wa jumla unasukuma kutoka mashariki, eneo la makutano huegemea magharibi. Bukoba hupata mvua karibu mara mbili ya Musoma, ingawa zote ni miji ya ziwa moja.

Haya hayakugunduliwa jana. F. E. Lumb aliandika mwaka 1970 jinsi ziwa na milima vinavyopanga radi za eneo hili. Mwaka 1972 Mjerumani Klaus Fraedrich alitunga modeli ya hesabu ya mzunguko wa hewa wa usiku juu ya ziwa. Yaani miaka minne kabla ya makala ya Purdom, kanuni ya Ziwa Victoria ilikuwa imeshaandikwa. Tulichokosa ni macho ya kuitazama ikitokea.

Dakika 25

Sasa mfikirie mvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku, kwa taa, hasa siku za giza ambapo mwezi haushindani na taa. Kwa hiyo kazi yake inamweka katikati ya maji saa zilezile ambazo mikondo inakutana. Ziwa hili lina zaidi ya wavuvi 200,000. Makadirio yanayotajwa mara nyingi yanasema watu 3,000 hadi 5,000 hufa humo kila mwaka. Hayo ni makadirio, hayakutokana na hesabu ya jina kwa jina, lakini ukitembea mwalo wowote utakutana na familia iliyopoteza mtu.

Kati ya 2017 na 2020 mradi wa HIGHWAY, ulioongozwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na mamlaka za hali ya hewa za nchi zetu, ulilitazama ziwa kwa vifaa, ikiwemo rada ya TMA iliyoko Mwanza, na kutengeneza utabiri wa ziwa kwa ajili ya wavuvi. Mmoja wa watafiti walioshiriki ni James Wilson, yuleyule wa Colorado. Mistari aliyoitafuta Denver mwaka 1984 aliifuata hadi Mwanza.

Lakini tufanye hesabu ya mwisho. Tuseme rada inaona mistari miwili iliyoachana kilomita 30, kila mmoja ukija kwa mita 10 kwa sekunde. Itakutana baada ya dakika 25. Kwa uwanja wa ndege, dakika 25 ni utajiri. Kwa mtumbwi wa injini ndogo unaokwenda kilomita 15 kwa saa, dakika 25 ni kilomita 6. Kama mvuvi yuko kilomita 20 kutoka mwaloni, onyo sahihi kabisa litamkuta bado majini. Mwenye makasia ndiyo usiseme.

Kwa hiyo kuona mgongano ukija hakutoshi. Tunahitaji kuujua kabla ya jua kuzama, mtumbwi ukiwa bado mchangani. Tatizo ni kwamba upepo wa nchi kavu unavuma karibu kila usiku, lakini dhoruba kali haiji kila usiku. Nini kinatofautisha usiku huu na ule?

Sehemu ya jibu ilichapishwa mwaka 2017 na Wim Thiery na wenzake, akiwemo Fredrick Semazzi, mwanasayansi mwenye asili ya Uganda ambaye amelitafiti ziwa hili kwa miaka mingi. Walichunguza kumbukumbu za setilaiti wakakuta kwamba dhoruba za mchana kwenye nchi kavu inayolizunguka ziwa zinatoa dalili ya dhoruba za usiku ziwani. Radi zikiwa kali pembezoni alasiri, uwezekano wa usiku mbaya unapanda. Kimantiki inaeleweka ukikumbuka tulikotoka: dhoruba ya alasiri inaacha hewa baridi nyuma yake, ardhi inapoa mapema, na mkondo unaoelekea ziwani unaanza safari ukiwa na uzito wa ziada.

Faida ya dalili hii ni muda. Inaonekana saa kumi jioni, wakati nyavu bado zinapangwa. Thiery na wenzake walikuwa pia wameonya, mwaka 2016, kwamba dunia inavyozidi kupata joto, dhoruba kali za usiku za ziwa hili zinatarajiwa kuongezeka nguvu. Kwa hiyo kazi haipungui.

Ukiwa na ndugu anayeingia ziwani, mwambie mambo mawili. La kwanza, asikilize utabiri wa ziwa wa jioni kabla ya kusukuma chombo. La pili, kama alasiri radi zimepiga sana vilimani kuzunguka ziwa, asidanganywe na utulivu wa magharibi. Hewa ile ya baridi haijaisha. Inashuka taratibu gizani, na ng'ambo ya pili kuna nyingine inayokuja kukutana nayo.